Mtambo wa umeme jirani na Gombe: pingamizi tulipeleke wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkazi wa kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa mji wa Kigoma, tunapakana na Hifadhi ya Gombe. Mwezi uliopita walikuja watu wa kampuni wakiongozana na mwenyekiti wetu, wakasema wanahitaji ekari 60 za kujenga mtambo wa umeme wa megawati 20 unaotumia mafuta mazito, pamoja na gati la kushushia mafuta. Tulisainishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu akapewa soda na shilingi elfu tano. Sasa tunasikia ile karatasi ndiyo ridhaa yetu. Wapo wanaoutaka mradi kwa ajili ya ajira, lakini wengi hatuutaki, kwa sababu ya ziwa na kwa sababu ya sokwe. Tumemwandikia mkuu wa wilaya, hajajibu. Tufanye nini ili tusikilizwe, na je, tumeshachelewa?

JIBU: Ndugu yangu, hamjachelewa, ila mlango mliobisha siwo. Mkuu wa wilaya hatoi cheti cha mazingira, hatoi leseni ya kuzalisha umeme, wala hagawi ardhi ya kijiji. Barua yenu itapokelewa, itagongwa mhuri, itakaa kwenye faili. Mradi kama huu huamuliwa mahali patatu. Ardhi iko kwenu wenyewe, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mazingira yako NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na kwa waziri mwenye dhamana hiyo. Leseni ya umeme iko EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kila mahali pana wakati wake wa kusikiliza watu, na wakati huo ukipita, kuurudisha ni kazi ya mawakili. Kwa maelezo yako, wakati wa ardhi ndio huu.

Ekari 60 na karatasi ya mahudhurio

Ekari 60 ni kama hekta 24. Ishikeni namba hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishiwa kwenye ardhi ya jumla (isiyo tena chini ya kijiji) ili apewe mwekezaji, wenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hekta 250 uamuzi hupanda kwa waziri, nanyi hubaki na kutoa mapendekezo tu. Hata mkikubali, lazima tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali na lipelekwe kwa halmashauri ya kijiji, likieleza eneo lilipo, ukubwa wake na sababu ya kulihamisha, na uhamisho usianze kabla ya siku 90 kupita. Tena haukamiliki mpaka fidia iwe imekubaliwa: kiasi gani, ya aina gani, italipwaje na lini.

Soda na elfu tano hazigusi hata kipengele kimoja cha hayo. (Na elfu tano kwa hekta 24 za mwambao wa Tanganyika, kusema kweli, ni dharau.) Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba mlikuwepo, basi. Ridhaa husomwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu: ajenda iliyotangazwa kabla, idadi ya waliohudhuria, hoja zilizotolewa, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, mhuri. Hatari iko hapa: karatasi ya majina ikibandikwa nyuma ya muhtasari ulioandikwa ofisini baada ya nyinyi kwenda nyumbani, ofisa wa Dodoma anayeipokea hana namna ya kujua tofauti. Vijiji vingi huangukia hapo, tena bila mtu kuvunja kufuli wala kughushi sahihi hata moja.

Kwa hiyo anzeni na barua kwa mtendaji wa kijiji, leo, mkiomba nakala ya muhtasari wa kikao kile na ya orodha ya mahudhurio. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016; inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Akikataa kuipokea, itumeni kwa rejista ya posta na mtunze stakabadhi.

Kisha ombeni mkutano mkuu. Wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, lakini wa dharura unaweza kuitishwa kabla ya hapo. Ajenda isiwe “mengineyo” wala “maendeleo ya kijiji”. Iandikwe kwa maneno kamili: “Kujadili na kupiga kura juu ya ombi la ekari 60 kwa ajili ya mtambo wa umeme wa mafuta mazito na gati.” Kura zihesabiwe, zisiwe za kupiga makofi. Anayeandika muhtasari ausome wote mbele ya watu kabla haujasainiwa, na kila ukurasa upigwe picha hapo hapo, pamoja na bango la tangazo likiwa bado ukutani.

Lingine la kuangalia ofisini ni ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Vijiji vingi vinavyoizunguka Gombe vilitengenezewa mipango hiyo kupitia Tacare, mradi ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, na vikatenga misitu yao ya hifadhi. Tafuteni ekari hizo 60 zinaangukia rangi gani kwenye ramani. Zikiwa ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji, au kwenye ushoroba walioachiwa sokwe, kampuni inawaomba mambo mawili, ardhi na mabadiliko ya mpango. Hilo la pili nalo linarudi mkutano mkuu. Hoja hii ina uzito kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ramani ilipitishwa kabla kampuni haijafika.

Niwe mkweli kwenu upande wa pili. Serikali ikiamua kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, kura yenu ya hapana haiizuii. Mnachobakiwa nacho ni fidia na hoja za mazingira. Ndiyo maana waulizeni mapema, kwa maandishi: mnaomba ardhi hii kama kampuni binafsi, au kuna taasisi ya serikali inayoitwaa? Jibu linabadilisha mkakati wote.

Kinachokuja ni nini hasa

Pingamizi nyingi hufa kwa sababu hoja zake ni za jumla. “Utaharibu mazingira” haimpi mkaguzi kitu cha kuandika. “Utaleta saratani na kukausha mvua” ni mbaya zaidi, kwani akiona hoja moja ya kubuni, na zile tisa za kweli atazisoma kwa jicho hilo. Afadhali mfanye hesabu; si ngumu.

Injini za namna hii hula takriban gramu 200 za mafuta kwa kila uniti ya umeme. Mtambo wa megawati 20 ukifanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake unatoa uniti 14,000 kwa saa, maana yake tani 2.8 za mafuta kwa saa, tani 67 kwa siku. Hizo ni kama lita 70,000: malori mawili makubwa ya mafuta kila siku, au shehena ya karibu nusu milioni ya lita kila wiki ikipita ziwani hadi kwenye gati lao. Akiba ya wiki mbili tu inahitaji matangi ya lita milioni moja, ufukweni.

Mafuta mazito yana salfa, na kiwango chake hutegemea aina wanayonunua. Yakiwa na asilimia 3, tani 67 zinatoa takriban tani 4 za hewa ya dioksidi ya salfa kwa siku. Yakiwa na asilimia 0.5, ni kilo 670 hivi. Tofauti ni mara sita, na yote yamejificha ndani ya maneno mawili, “mafuta mazito”. Swali la kwanza la kitaalamu kwa kampuni basi liwe: kiwango cha juu cha salfa ni kipi, na kitaandikwa kama sharti kwenye cheti? Wakijibu “tutafuata viwango vya kimataifa”, hawajajibu.

Moshi wenyewe utakwenda wapi? Mwambao wenu una umbo lake. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yenu mlima unapanda ghafla hadi mita 1,500 na zaidi. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda mlimani, usiku hugeuka. Bomba la moshi la mita 30 chini ya ukuta kama ule halitoi moshi “juu”. Linausukuma kwenye mabonde, na mabonde ndiko yaliko maji na msitu. Makisio ya mtawanyiko wa moshi yakitumia takwimu za upepo za uwanja wa ndege wa Kigoma, upande wa pili wa mji, yanakisia mahali pengine. Daini vipimo vya upepo vya eneo lenyewe, vya kiangazi wakati wa kusi na vya masika pia.

Kelele nayo ina kanuni rahisi: kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Tuseme mtambo unasikika kwa desibeli 75 ukiwa mita 100. Mita 200 ni 69, mita 400 ni 63, mita 800 ni 57, mita 1,600 ni 51. Mwongozo wa Benki ya Dunia kwa makazi ni 55 mchana na 45 usiku. Yaani kilomita moja na nusu kutoka kwenye injini, usiku, bado umevuka. Juu ya maji tulivu sauti husafiri mbali zaidi. Wavuvi hawahitaji kuambiwa hilo. Sokwe huwasiliana kwa kuitana bondeni hadi bondeni, kwa hiyo mngurumo usiokatika si suala la usingizi wa binadamu peke yake.

Yako mawili ambayo ripoti husahau sana.

La kwanza ni tope la mafuta. Mafuta mazito hayamiminiki yakiwa ya baridi. Hupashwa moto, husafishwa kwenye mashine za kuchuja, na kinachobaki ni tope. Hesabuni kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya mafuta yote, yaani kilo 330 hadi 670 kila siku. Linapelekwa wapi? Kama Kigoma hapana mahali pa kuliteketeza kwa kufuata sheria, litasafirishwa na nani, kwa chombo gani? Na yakimwagika ziwani, mafuta haya hayayeyuki wala hayapeperuki kama petroli. Hupoa, huwa mazito, hunata kwenye mawe. Mawe ya mwambao ndiyo makazi ya samaki wadogo wa rangi wanaopatikana Tanganyika peke yake duniani. Ziwa hili linatoka maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kinachoingia hukaa. Matangi yote yanatakiwa yazungukwe na ukuta usiovuja unaoweza kubeba walau asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote. Mkaguzi akija, mwonyesheni kwenye mchoro ukuta huo uko wapi, na maji ya mvua yanayojaa ndani yake yatatolewaje.

La pili ni taa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mnapumzika. Mtambo wenye gati huwaka taa kali usiku kucha, mwaka mzima, ufukweni. Mtaalamu wa mazingira kutoka Dar es Salaam huenda asiliwaze hili kabisa. Andikeni nyinyi: mwaloni, pale mnaposhushia samaki, pana mitumbwi mingapi, inavua umbali gani kutoka ufukweni, mwezi wa giza huleta kiasi gani ukilinganisha na mwezi mpevu. Kikundi cha BMU, kile cha kusimamia uvuvi mwaloni, kina daftari. Na iwapo timu ya utafiti itakuja kupima uvuvi wakati ziwa limefungwa, kama lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, namba zao zitaonyesha kwamba hapavuliwi kitu. Lipingeni hilo papo hapo.

Kuhusu hifadhi, Gombe ni ndogo sana, kama kilomita za mraba 50 hivi, na sokwe wake ni karibu mia moja. Hawaheshimu mpaka, hutoka kula kwenye misitu ya vijiji. Tangu 2018 eneo la Gombe, Masito na Ugalla limo kwenye mtandao wa UNESCO wa hifadhi hai za binadamu na viumbe, hoja ambayo mfadhili wa nje ataielewa haraka. Lakini msishie kwenye mtambo wenyewe. Hatari kubwa kwa sokwe inaweza kuwa kambi ya ujenzi: mamia ya watu wageni kwa mwaka au zaidi, mafua na kikohozi. Magonjwa ya njia ya hewa yanayotoka kwa binadamu yameshaua sokwe wa Gombe, na hili limeandikwa kwa miongo kadhaa. Halafu kuna barabara. Mpaka leo mtu huenda Gombe kwa boti. Barabara ya malori ikifika mwambao itabaki hata mtambo ukizimwa, na mkaa utaifuata.

Ripoti ya mazingira ndiyo uwanja

Mtambo wa ukubwa huu unaangukia kwenye miradi ambayo Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, ni ya lazima chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mwenye mradi huusajili NEMC, huajiri mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, huandaa hadidu za rejea, hufanya utafiti, hupeleka rasimu ya ripoti. NEMC hutembelea eneo, kamati ya ushauri wa kitaalamu hukaa, ndipo cheti hutoka au hukataliwa. Kanuni zinamtaka mwenye mradi autangaze kwa mabango jirani na eneo, gazetini na redioni, na ripoti iambatane na muhtasari wa Kiswahili kisicho cha kitaalamu. Uombeni muhtasari huo kwa jina. Mkipewa juzuu la Kiingereza la kurasa 300 siku mbili kabla ya kikao, andikeni tarehe mliyolipokea, ni ushahidi.

Hatua inayopuuzwa ni ile ya hadidu za rejea. Hapo ndipo huamuliwa kitakachopimwa na kitakachoachwa, na hoja isipoingia pale huja kuambiwa “iko nje ya wigo”. Barua yenu ya kwanza kwa NEMC ende sasa, kabla ya utafiti, nakala TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika pale Kigoma, na ofisa mazingira wa halmashauri. Ombeni mambo yapimwe: upepo kwa misimu miwili, uvuvi nje ya kipindi cha kufungwa, viota vya sokwe ndani na nje ya mpaka, kelele za usiku. Vijana wanaofuatilia misitu ya vijiji kwa simu wana kumbukumbu za viota zenye alama za mahali, ziambatanisheni. Ombeni pia kikao cha kuwasikiliza wananchi hadharani kikiongozwa na NEMC yenyewe. Sheria inakiruhusu pale mradi unapoleta wasiwasi mkubwa.

Angalieni ujanja wa kukata mradi vipande: ripoti ya mtambo peke yake, ya gati peke yake, ya barabara baadaye, na mkuza wa nyaya (ukanda wa kupitishia nyaya za umeme) usiotajwa na mtu. Kila kipande kikitazamwa kivyake kinaonekana kidogo. Mkuza wa nyaya kupanda mlimani unaweza kukata msitu mwingi kuliko kiwanja cha mtambo. Daini vyote viwe kwenye tathmini moja. Kumbukeni pia kwamba sheria hiyo hiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Gati litaombewa ruhusa yake, lakini matangi na nyumba ya pampu hayana sababu ya kuwa mle.

Maoni yaandikwe hivi, aya kwa aya: ukurasa gani, ripoti inasema nini, kinakosekana nini, mnataka nini kifanyike. Mfano: “Ukurasa wa 84 unasema kelele hazitafika kijijini. Hakuna kipimo cha usiku. Shule ya msingi iko mita 700. Tunaomba vipimo vya usiku kwa siku saba mfululizo, na cheti kisitolewe kabla ya hapo.” Kurasa tatu za namna hii zinamfunga mkaguzi kuliko sahihi 2,000. Sahihi nazo zina kazi yake, mradi kila jina liwe na kitongoji na namba ya simu, na juu ya kila ukurasa pawe na maneno ya ombi lenyewe, isije karatasi yenu ikageuzwa kama ile ya kwanza.

Sehemu ya kuishambulia zaidi ni ile ya njia mbadala. Kisheria lazima iwepo. Kwa mazoea huwa nusu ukurasa. Hapa mna hoja nzito kuliko mnavyodhani. Kigoma iliishi kwa majenereta miaka mingi kwa sababu gridi ilikuwa mbali. Gridi ilianza kuufikia mkoa mwaka 2022, na mtambo wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5, umepangwa kuingiza umeme wake kwenye gridi kupitia kituo cha Kidahwe. Kwa nini basi mafuta mazito, na kwa nini ufukweni mwa hifadhi? Kama kweli panahitajika umeme wa akiba, kwa nini usikae karibu na Kidahwe, mbali na ziwa, penye nyaya tayari? Mkikaa kwenye “hapa sipo mahali pake” mtapata watu wengi wa kusimama nanyi, hata ndani ya serikali. “Hatutaki umeme” itawaacha peke yenu.

Malagarasi yenyewe ina funzo la pande mbili. Mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia, uliosainiwa na Tanzania mwaka 2008, ulikuwa na mtambo mdogo wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, katika mto huo huo wa Malagarasi. Uchunguzi wa mazingira ulipokuta viumbe adimu wa majini, mtambo ukaondolewa kwenye mpango na fedha zikaelekezwa kwenye umeme wa jua mkoani Kigoma. Ushahidi wa viumbe, basi, unaweza kugeuza mradi, hasa fedha zikiwa za nje. Lakini mto haukuachwa. Mradi mkubwa zaidi ulirudi baadaye kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo ulizeni nani anakopesha. Ikiwa ni Benki ya Dunia au ya Maendeleo ya Afrika, kila moja ina chombo chake huru cha malalamiko, na watu wawili walioathirika wanatosha kulalamika. Benki ya Dunia hupokea malalamiko hata kwa Kiswahili.

EWURA sitawachosha nayo. Mtambo unaozidi megawati 1 unahitaji leseni, na kabla ya kuitoa EWURA hutangaza na kukaribisha maoni kwa siku chache zilizotajwa kwenye tangazo. Mmoja wenu apewe kazi ya kufuatilia matangazo hayo kila wiki. Hoja za pale ni za bei, uhitaji na uwezo wa kampuni. Za sokwe pelekeni NEMC.

Wanaoutaka, na fidia

Msiwaite wasaliti. Ajira ni hoja halali, ijibiwe kwa namba. Mtambo wa injini wa megawati 20 ukishawashwa huendeshwa na makumi ya watu, wengi wao mafundi. Mamia ni wa wakati wa ujenzi. Kampuni iandike nafasi ngapi, za muda gani, kwa watu wa wapi. Na umeme wa mtambo hauingii kijijini kwa kuwa umezalishwa kijijini: unapanda kwenye nyaya kubwa hadi kituo, kisha unarudi kwa njia ya usambazaji kama ilivyo kwa kijiji kingine chochote.

Mkishindwa, au wengi wakikubali, haki za fidia zisipotee kwenye ugomvi. Fidia kamili ina thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36 kwa aliyehamishwa nyumbani, faida iliyopotea ya miezi 36 kwa mwenye biashara, na usafiri wa tani 12 hadi kilomita 20. Uthamini hudumu miaka miwili. Ukipita haujalipwa, unafanywa upya. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadai riba. Michikichi hesabuni mmoja mmoja, picha ya kila shamba ikiwa na mwenyewe ndani, na msisaini fomu ya uthamini yenye mstari mtupu.

Cheti kikitoka

Rufaa dhidi ya uamuzi wa mazingira ina siku 30. Mtafuteni wakili kabla, siku hizo zisiishie kwenye kuchanga nauli. Mahakama Kuu nayo imewahi kuwasikiliza wananchi: mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani walishinda dhidi ya halmashauri ya jiji la Dar es Salaam juu ya dampo. Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza Serengeti kaskazini. Ila huko mlango hufungwa baada ya miezi miwili. Na Kenya, Juni 2019, baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanyika kabla ya utafiti, kama utambulisho tu, na matokeo hayakurudishwa kwao kwa namna wanayoielewa. Uamuzi wa Kenya haulazimishi mahakama zetu, lakini mkutano wenu wa soda unafanana nao mno, na wakili mzuri ataona.

Mkitaka kuandamana, polisi wapewe taarifa saa 48 kabla, kwa maandishi. Viongozi wa pingamizi wakilala mahabusu wiki ile ile rasimu ya ripoti inapotoka, hakuna atakayebaki wa kuisoma.

Na ile barua ya mkuu wa wilaya msiione imepotea bure. Nendeni masijala mkaombe nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ina tarehe, na tarehe hiyo inaonyesha kwamba mlipinga kabla utafiti haujaanza. Iwe kiambatisho namba moja kwenye barua ya NEMC.